Harufu ya mkojo wa paka saluni (sebuleni), na wakwe wanakuja kwa dote (mahari). Nisaidieni

Mama Chance, Himbi (Goma)

Jambo kwenu wote. Naingia moja kwa moja kwa sababu muda hautoshi. Jumamosi ya wiki ijayo familia ya bwana inakuja kwetu kutoa dote ya mdogo wangu, na saluni yetu inanuka mkojo wa paka.

Nyumba tunayopanga ni ya mbao, kuta za chini ni mawe ya volkano mpaka usawa wa dirisha, sakafu ni sima (saruji) iliyotandikwa balatumu (zulia la plastiki) ya maua. Panya walikuwa wametushinda. Walifikia kutoboa mfuko wa unga wa bugali mchana kweupe, sisi tukiwa tumekaa palepale. Shangazi akatuletea paka dume kutoka Sake, na panya wakaisha. Kwa hiyo, tafadhali, mtu asiniambie nimtupe. Akiondoka yeye wanarudi wale.

Mkojo uko kwenye kanape (kochi) kubwa ya upande wa dirisha, na kwenye kona nyuma yake, pale penye pazia refu. Asubuhi ukifungua mlango husikii kitu. Jua likianza kupiga bati, au mvua ikinyesha, harufu inapanda mpaka macho yanawasha. Nimepitisha javeli (dawa ya klori ya kufulia), nimepitisha krezili (dawa kali ya kuua vidudu), nimemwaga majivu kama jirani alivyonishauri (majivu ndiyo yalizidisha kabisa, sijui kwa nini). Mwishowe nikanunua ile dawa ya kupuliza ya waridi, na sasa saluni inanuka kama paka anayekwenda harusini.

Mdogo wangu ni mjamzito, nalitaja mapema kwa sababu nimesikia paka na mimba havipatani. Msitupige mawe, wakwe wenyewe wanajua.

Je, kanape itapona au niifunike tu kitenge? Balatumu niitoe? Na huyu paka nimfanye nini asirudie? Maji tunanunua kwa bido (madumu), umeme unakuja na kuondoka. Msinitajie dawa ya kuagiza Ulaya.

Kijana wa Birere

Mama Chance, huyo paka niletee mimi. Huku kwetu panya wanatembea barabarani kama wana kitambulisho. Kuhusu harufu: weka buni za kahawa juu ya babula (jiko la makaa), ziungue polepole nusu saa, madirisha yakiwa wazi. Nyumba nzima itanukia kahawa ya Minova.

Garniseri wa Kadutu (Bukavu)

Mama Chance, jambo. Kazi yangu ni kufungua kanape za watu na kuona walikuwa wamekalia nini. Nimekuta humo meno ya watoto, karanga, funguo zilizosababisha ugomvi wa ndoa, na mkojo. Mkojo mwingi sana. Kahawa ya huyo kijana iweke kwa ajili ya siku yenyewe, wageni wakiwa karibu kuingia. Ni harufu nzuri, lakini haisafishi kitu.

Kosa karibu la kila mtu anayeniletea kanape ni kusafisha mahali ambapo mkojo haupo tena. Wanasugua kitambaa kwa sababu ndicho kinachoonekana. Mkojo wa paka mkubwa unapita kitambaa mara moja, unapita musi (sponji) ile ya kukalia, unatua juu ya mbao na kile kitambaa cheusi cha chini tunachokifunga kwa vimisumari. Huko unakauka, unapata unyevu, unakauka tena. Wewe juu unamwaga maji ya sabuni, yanausukuma uende ndani zaidi.

Geuza kanape leo hii, miguu juu. Ng'oa kitambaa cheusi kwa bisibisi bapa, usikionee huruma, si ghali. Halafu piga magoti unuse mbao, ubao mmoja mmoja. Usiku, kama una ndugu anayebadilisha pesa, mwazime ile taa ndogo ya zambarau ya kutazamia noti za dola. Zima taa nyingine zote (umeme ukikatika wenyewe, afadhali), pitisha mwanga karibu kabisa na kitambaa, ukuta, pazia, sakafu. Mkojo uliokauka unang'aa njano iliyofifia, wakati mwingine inaelekea kijani. Sabuni ya unga nayo inang'aa, ila yenyewe ni bluu nyeupe, kwa hiyo pua ndiyo ithibitishe. Chora duara kwa chaki kila unapoona. Mchana hutaona kitu, na chaki itakuwa imebaki.

Ukichora, angalia umbo. Kama ni dimbwi, mviringo uliolala kwenye kiti au sakafuni, paka alichuchumaa akakojoa. Kama ni mchirizi unaoanzia ukutani, kimo cha mkia wake, na kuteremka, huyo alisimama, akatingisha mkia, akapuliza. Anaweka mpaka wake. Hayo ni mambo mawili na dawa zake ni mbili. Kwa vile umetaja pazia refu, naona la pili limo. Utuambie.

Balatumu ndiyo, itoe, angalau upande huo wote. Mkojo unaingia pembeni na kwenye maungio, unakaa kati ya balatumu na sima ambako hewa haifiki. Igeuze utazame mgongo wake. Kama ni plastiki tupu, ioshe uianike. Kama ina manyoya au kitu cha kartoni, kata kipande hicho ukitupe, hakisafishiki. Ukirudisha kanape juu yake nani ataona?

Sasa kazi yenyewe. Kwanza suuza javeli yote na krezili yote kwa maji matupu, zaidi ya mara moja, mpaka pua isisikie dawa. Nitawaachia watu wa afya waeleze hatari yake. Mimi nasema tu kwamba dawa hizo zinaua ile nguvu ya kitu kinachofuata.

Kinachofuata ni sabuni ya unga, ila si yoyote. Soma nyuma ya pakiti, kwenye maandishi madogo, utafute neno linaloanza na «enzym», Kifaransa au Kiingereza yote sawa. Ile ya bei ndogo kabisa mara nyingi haina. Koroga katika maji ya vuguvugu, yale unayoweza kumuogeshea mtoto. Maji ya moto yanaiharibu, na yanapikia uchafu ndani ya kitambaa. Enzimu ni kitu kinachokula taratibu, hakifanyi kazi kwa dakika mbili za kusugua. Ukiipaka kidogo juu juu ikakauka, umepoteza sabuni.

Mito ya kanape: fungua zipu, kama haina fumua mshono wa nyuma. Kitambaa kiende kufuliwa peke yake. Musi itie kwenye beseni kubwa na maji ya hiyo sabuni, uikanyage kwa miguu kama blanketi, uiache humo usiku kucha. Asubuhi ikanyage tena, mwaga, suuza. Usiisokote, itapasuka ndani na utakalia mabonde. Ilaze kati ya mbao mbili, weka jiwe juu (mawe Goma hamkosi), maji yatoke. Kisha isimamishe kwa ubavu, isilale, mahali penye upepo chini ya bati. Ikilala, maji yote yanateremka tumboni na itaoza kabla haijakauka. Musi iliyogeuka kahawia na kumomonyoka ukiifinya usiipotezee maji ya bido. Pima urefu, upana na unene, uende kwa wauza musi wakukatie nyingine, na udai ile nzito. Nyepesi itakaa bapa ndani ya miezi michache.

Fremu ya mbao, sima ya kona, na mbao za ukuta: hizo huwezi kuzitia kwenye beseni. Lowesha vizuri kwa maji ya hiyo sabuni, funika kwa nailoni ili isikauke, iache mpaka kesho. Mawe ya volkano ya ukutani ndiyo mabaya zaidi, yana matundu na kila tundu limekunywa. Kitambaa hakifiki humo. Nunua farmasi bomba kubwa la sindano, bila sindano yake, uyalishe matundu yale ya chini ya alama zako za chaki mpaka maji yaanze kutoka yenyewe. Ni kazi ya mtu mwenye subira, mpe kijana wa nyumbani.

Baada ya hapo suuza, acha ikauke kabisa, unuse. Ikibaki harufu, hatua ya pili ni maji ya oksijene (peroksidi ya hidrojeni) ya farmasi. Nusu lita, ndani yake vijiko viwili vya mezani vya bikarbonati (soda ya kuokea) na tone kubwa la sabuni ya vyombo. Yachanganye wakati uleule wa kuyatumia, kwenye beseni la plastiki, paka kwa burashi, acha robo saa au zaidi. Usiyahifadhi kwenye chupa iliyofungwa, yanatoa hewa na chupa itapasuka. Kwenye kitambaa cha rangi jaribu kwanza upande wa ndani wa mshono, kwa sababu yanachujua. Kwenye mbao yanaacha weupe kidogo. Mimi huupitishia rangi ya kiatu ya kahawia, na wateja hawajawahi kulalamika.

Rangi au vanishi ni mwisho wa yote. Sima ikishakuwa kavu na haina harufu, ipake rangi ya mafuta mara mbili ili siku nyingine isinywe. Ukipaka juu ya harufu, unyevu utaisukuma rangi ichanike na utakuwa na matatizo mawili.

Papa wa Kamalondo (Lubumbashi)

Garniseri amesema vizuri lakini amewapa kazi ya mwezi mzima, na wakwe wanakuja wiki ijayo. Huku Lubumbashi, mwezi wa sita baridi inapouma, mtoto wangu aliingiza ndani kale kambwa ka ulinzi kalale naye. Kakakojoa kwenye matela (godoro), kakakojoa kwenye tapi (zulia). Hatukutumia enzimu wala taa ya dola. Mkojo ukiwa bado mbichi, chukua nguo kuukuu, iweke juu, usimame juu yake kwa uzito wako wote, ubadilishe nguo, usimame tena, mpaka nguo itoke kavu. Usisugue. Halafu siki moja na maji moja, lowesha, kausha. Halafu bikarbonati kavu juu yake usiku mzima, asubuhi ufagie. Matela ilipona, na mbwa akarudishwa kwenye banda lake.

Siki na bikarbonati ukizichanganya pamoja inatoka povu nzuri sana, inapanda hata juu. Watoto walifurahi.

Garniseri wa Kadutu (Bukavu)

Papa, heshima yako. Kwa mkojo mbichi sikupingi hata neno moja, na ile ya kusimama juu ya nguo ni bora kuliko dawa yoyote inayouzwa. Lakini wa kwako ulikuwa wa mbwa mdogo na wa siku hiyohiyo. Wa Mama Chance ni wa paka dume, na umelala humo tangu mvua zilizopita. Siki itampunguzia ile ya kuwasha macho, hiyo nakubali. Ile iliyozama itamrudia mvua ya kwanza. Na siki inakula sima, kwa hiyo asiiache isimame sakafuni.

Povu linapendeza macho tu. Siki na bikarbonati zikikutana zinauana, unabaki na maji yenye chumvi kidogo. Tumia moja, suuza, ndipo nyingine.

Mwuguzi wa Katindo (Goma)

Bajirani, niingie kabla mtu hajaumia.

Mama Chance, javeli na mkojo wa zamani haviwekwi pamoja. Mkojo una urea, bakteria wanaivunja inakuwa amonia, na amonia ndiyo hiyo inayowasha macho. Javeli ikikutana na amonia inatoa gesi ya kloramini: kikohozi, kifua kubana, na kwa mtu mwenye asma inaweza kumpeleka hospitali. Javeli ikikutana na siki inatoa gesi ya klori, hiyo ni mbaya zaidi. Ndiyo maana ule usemi wa garniseri «suuza kwanza» usiupite haraka. Tangu 2019, Ebola ilipofika Goma na kila mlango ukawekwa ndoo ya maji ya klori, tumejifunza kwamba klori inaua vidudu, na ni kweli. Lakini harufu ya paka si kidudu. Tena kuna paka ambao javeli inawavuta, wanarudi kukojoa juu yake.

Majivu yako: majivu ni alkali, na alkali inaifukuza amonia kutoka ndani ya mkojo iende hewani. Jirani hakukuonea wivu, alikupa dawa ya kinyesi kwa ugonjwa wa mkojo. Kwa kinyesi au matapishi majivu ni sawa, yanakausha, unakokota na koleo.

Kwa nini mvua inaamsha harufu? Ndani ya mkojo kuna asidi ya uriki, inakauka kama chembe ndogo sana ambazo maji matupu hayaziyeyushi vizuri. Zinakaa kwenye musi na kwenye sima. Unyevu ukirudi, bakteria wanaamka na kila kitu kinaanza upya. Paka ana jambo lake la ziada linaloitwa felinini, kitu chenye salfa, na dume asiyehasiwa anakitoa kwa wingi kuliko wengine. Kikivunjika ndiyo ile harufu ambayo mbwa wa Papa hana. Maji ya oksijene yanaifaa hiyo salfa vizuri, lakini hakikisha ni ya volumu 10, yaani asilimia 3. Yale ya saluni ya nywele ni volumu 20, 30, hata 40, yatakuchoma mikono na kukitoboa kitambaa. Vaa glavu hata kwa yale ya 10, na usiyachanganye na javeli wala siki.

Krezili iondoke nyumbani kwako kabisa. Ina fenoli, na ini la paka haliwezi kuzishughulikia kama letu. Anakanyaga sakafu, analamba miguu, sumu imeingia. Vivyo hivyo antiseptiki zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizimimina kwenye maji, na vidonge vya naftalini vya kabatini ambavyo watu hutupa kwenye kona kumfukuza paka.

Sasa mdogo wako. Kinachotuogopesha kwa mimba ni toksoplasma, kidudu cha ugonjwa, na kinatoka kwenye kinyesi cha paka, si kwenye mkojo. Paka anayekula panya anaweza kukipata. Kikitoka hakidhuru palepale, kinahitaji kati ya siku moja na tano hadi kiwe na uwezo wa kuambukiza. Kwa hiyo kinyesi kitolewe kila siku, na atoe mtu mwingine. Kama hakuna mtu mwingine, avae glavu, anawe kwa sabuni. Paka kumpitia miguuni si hatari. Na amweleze mkunga wake, kwa sababu nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa zinaleta ugonjwa huohuo, na hizo hakuna anayezilaumu.

Mwisho, mwangalie paka mwenyewe. Dume anayechuchumaa mara kwa mara na linatoka tone tu, au damu, au analia, njia yake ya mkojo inaweza kuwa imeziba. Huyo anakufa ndani ya siku mbili tatu. Usisubiri dote ipite, mpeleke kwa veterineri siku hiyohiyo.

Mama Chance, Himbi (Goma)

Aksanti sana nyote. Nimegeuza kanape. Garniseri, ungeniambia nikae kwanza. Ubao wa kati umekuwa mweusi kabisa, na kile kitambaa cha chini kimeshika harufu mpaka tumekichoma nje. Taa nimeipata kwa shemeji. Kwenye kiti kuna dimbwi moja tu, la zamani. Mengine yote ni michirizi: pazia, ukuta wa chini ya dirisha, na mgongo wa kanape upande unaotazama dirisha. Watoto waliona ni sinema.

Ila sikiliza. Wakati nachora chaki ukutani, nilinyanyua macho nikakuta paka mweupe wa jirani amekaa kwenye ukingo wa dirisha kwa nje, anatuangalia. Wa kwetu akavimba mkia, akarudi nyuma moja kwa moja mpaka kwenye pazia. Akapuliza mbele yetu sote!

Paka anakojoa vizuri, nimemtazama, halii. Musi iko kwenye beseni. Sabuni yenye enzimu nimeipata soko la Virunga, duka la tatu nililouliza. Maswali yangu: huyu wa jirani nimfanyeje? Na mvua hii, musi ikifika Ijumaa haijakauka?

Kijana wa Birere

Kumbe ni mambo ya mpaka. Muite chefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa.

Garniseri wa Kadutu (Bukavu)

Basi umepata kilichoanzisha yote. Usiku huu bandika gazeti au karatasi nyeupe kwenye kioo cha chini cha dirisha, mpaka kimo ambacho paka wako hawezi kuona ukingo. Nje, pale mweupe anapokaa, panga vipande vya mawe ya volkano vyenye ncha, vile vinavyokwaruza. Hatapenda kukaa. Ukingo wenyewe uoshe kwa sabuni yako, kwa sababu mweupe naye ameacha salamu zake.

Kisha mhasi. Veterineri anafanya hivyo kwa muda mfupi, na madume wengi wakihasiwa wanaacha kupuliza au wanapunguza sana. Haitatokea siku hiyohiyo, mpe wiki kadhaa. Panya atawawinda kama kawaida, usiwasikilize wanaosema atakuwa mvivu. Uvivu unatokana na kulishwa samaki mara tatu kwa siku.

Mtengenezee na choo. Beseni pana lenye kuta fupi, ndani yake mchanga mweusi wa volkano uliochekechwa, ule laini, au maranda ya seremala ambayo hayajapakwa dawa. Usitie manukato. Liweke mbali na sahani yake ya chakula na mbali na hilo dirisha, kwenye kona ambayo watu hawapiti. Kama mmoja wenu ana mpango wa kuleta paka wa pili, weka mabeseni matatu, siyo mawili.

Musi: leo iwe imetoka kwenye mbao na mawe. Kama ikifika Alhamisi jioni ukiikandamiza kwa ngumi unaona unyevu kwenye vidole, usiirudishe. Weka mto wa kitanda ndani ya kitambaa cha kanape siku ya dote, ukunje blanketi chini yake. Hakuna mkwe atakayefungua zipu.

Mwuguzi wa Katindo (Goma)

Nyongeza ndogo kuhusu maji. Kama bido zako ni za ziwani, maji ya Kivu ni alkali, pH yake inakaribia 9, na sabuni haisuuziki vizuri kwayo. Kwa msuuzo wa mwisho wa musi na kitambaa kinga maji ya mvua ya bati, acha dakika za mwanzo zipite zikioshe bati. Mvua inakusumbua, basi ikufanyie kazi.

Papa wa Kamalondo (Lubumbashi)

Mama Chance, na wazee uwakalishe wapi?

Mama Chance, Himbi (Goma)

Papa, kanape ya dirishani watakaa vijana wa upande wa bwana. Wazee upande wa mlango, penye hewa, karibu na kreti za vinywaji. Tumeshapanga.

Ripoti ya Alhamisi: fremu haina harufu kabisa, hata nikibandika pua kwenye ubao ule mweusi. Ilibidi maji ya oksijene yapite mara mbili. Kitambaa ni safi, kimechujuka kidogo upande wa mshono, sawasawa na alivyosema garniseri. Balatumu nimekata kipande chote cha kona, nyuma yake kulikuwa na manyoya yamelowa. Musi bado ina unyevu katikati, kwa hiyo mito ya kitanda imeingia kazini. Mawe ya ukutani bado. Mvua ya jana usiku imeleta harufu kidogo, si ile ya macho, lakini ipo. Kijana wangu amechoka na bomba la sindano. Niendelee au nipake rangi?

Garniseri wa Kadutu (Bukavu)

Usipake. Mawe yanywe enzimu mara ya pili, nailoni juu, uishikize kwa gamu au misumari midogo kwenye mbao ya juu ili isianguke. Jumamosi asubuhi ondoa nailoni, suuza kwa bomba la sindano, rudisha pazia lililofuliwa, weka mbele yake bakuli mbili za makala (makaa) yaliyopondwa, yanavuta harufu iliyobaki hewani. Zifiche nyuma ya kanape, makala yakimwagika kwenye balatumu utaanza kuosha upya. Paka siku hiyo alale chumbani na choo chake na maji, mlango umefungwa, kwa sababu wageni wengi wakiingia na mizigo yao atataka kuweka mpaka tena. Rangi ya mafuta utaipaka kiangazi, jiwe likiwa limekauka mpaka ndani.

Na kahawa ya kijana, sasa ndiyo wakati wake.